Miaka 29 Rabai: tunayokosea kuhusu kudumu katika utumishi

Tukisikia mtumishi amedumu, haraka tunauliza kanisa lake limejaa kiasi gani. Kwa kipimo hicho Johannes Rebmann alishindwa. Mmisionari huyu Mjerumani alifika kwa Warabai, jirani na Mombasa, mwaka 1846, akaondoka mwaka 1875, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Habari zake zinanisaidia kila ninaposikia dhana hizi zikihubiriwa.

"Mungu akiwa na mtumishi, watu watajaa."

Mmoja wa wa kwanza kabisa kubatizwa pale, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekuwa karibu na kifo. Baada yake ilikuwa kungoja tu. Lakini mwaka 1885 askofu James Hannington alimwekea mikono William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, naye akahudumu hapohapo Rabai. Mahali pale palikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka. Rebmann alikuwa ameshafariki mwaka 1876. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wakili hutakiwa aonekane mwaminifu. Idadi ya watu hakuitaja.

"Mwaminifu hapumziki."

Dhana hii inaua wachungaji wetu, na Rebmann mwenyewe hutumiwa kuitetea. Ni kweli, kwa miaka yote 29 hakurudi kwao Ujerumani. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, na Rebmann alipoondoka Rabai macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa. Namheshimu sana, ila siwezi kuigeuza gharama ile kuwa sheria kwa wengine. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Yethro naye alimwona Musa akiamua kesi za watu toka asubuhi hadi jioni, akamwambia wazi kwamba hilo si jema, atadhoofika yeye na watu pia. Mchungaji mwenye mitaa kadhaa, misiba, mikesha na vikao vya harusi anahitaji likizo iliyoandikwa kwenye bajeti ya usharika. Akiugua kwa uchovu, tusiseme moto wake umezima.

"Aliyeacha kituo amekimbia wito."

Johann Ludwig Krapf, aliyemtangulia Rebmann, alimzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Maradhi yalimrudisha Ulaya mwaka 1853. Huko Korntal, Ujerumani, aliendelea na kazi ya Kiswahili, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Katikati ya miaka hiyo alirudi pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Dema alimwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu. Krapf aliondoka akiwa na kazi ileile mkononi. Kuhama kwao hakulingani hata kidogo.

Wawili hawa, Krapf na Rebmann, hawakukubaliana daima. Krapf alitamani mfululizo wa vituo kuvuka bara zima. Rebmann alitaka kukaa na kuchimba mahali pamoja. Tofauti ya namna hiyo si dalili ya uasi.

"Mtumishi wa kweli anamhitaji Mungu peke yake."

Kamusi ya Rebmann ya Kinyasa, lugha ya eneo la Ziwa Nyasa, isingepatikana bila Salimini, mtu aliyetolewa kwao akiwa mtumwa, aliyekaa naye na kumfundisha lugha yake. Paulo gerezani aliomba aletewe joho lake na vitabu, akamwita Timotheo aje kabla ya majira ya baridi. Mtumishi asiye na wa kumwuliza habari za sadaka, za ndoa yake na za maombi yake yuko hatarini hata kama ibada zake zinafurika. Wazee wa kanisa wanaweza kuanza mwezi huu: wawili wamtembelee mchungaji nyumbani, wasipeleke ajenda yoyote, wamsikilize yeye na mkewe.