Fosfeti sifuri haimaanishi tangi lina afya
Hapa Tanga, anayeanza kufuga matumbawe kwenye tangi la kioo huambiwa mapema ahakikishe fosfeti, yaani kirutubisho chenye fosforasi kilichoyeyuka majini, inasoma sifuri. Ushauri huo si sahihi, na unaua matumbawe.

Ndiyo, fosfeti ikizidi, mwani hutanda kila mahali na tumbawe gumu hushindwa kujenga vizuri mifupa yake ya chokaa. Lakini ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimea vidogo mno vinavyolilisha kwa nguvu ya jua, navyo vinahitaji fosfeti. Vikinyimwa, tumbawe hupauka na kudhoofika. Hata maji ya bahari yetu, kule kwenye Hifadhi ya Silikanti, yana fosfeti, ingawa kidogo sana. Kwa tangi, wafugaji wengi hulenga miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita.

Tena kipimo kikisoma sifuri huku mawe yamejaa mwani, usishangilie: mwani umeshaila. Punguza kwanza chakula cha samaki, maana fosfeti nyingi huingilia hapo. Ukitumia chembechembe za oksidi ya chuma kuinyonya, weka kidogo kidogo. Mawe na mchanga huachia akiba yake taratibu, kwa hiyo namba inaweza kupanda tena.