Kigango huchongwa ili kioze

Mgeni akiona nguzo iliyochakaa na kuegemea upande katika boma la Wagiriama, nyuma ya Malindi au Kilifi katika pwani ya Kenya, hudhani imetelekezwa. Sivyo. Imeachiwa jua, mvua na mchwa kwa makusudi, na kwangu mimi hakuna sanaa ya pwani inayofundisha kifo waziwazi kuliko hii.

Nguzo hiyo ndiyo kigango: husimamishiwa mwanachama aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali miongoni mwa Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao. Si alama ya kaburi. Maziko hutangulia, na kigango huja baadaye, pengine baada ya miaka, marehemu akianza kuja ndotoni au maradhi yakiandama nyumba yake. Asiye wa Gohu huwekewa koma, kigingi kifupi tu.

Mti unaosifika ni muhuhu. Ubao hufikia mita 1 hadi 2, wakati mwingine zaidi: kichwa cha duara, shingo, kisha kiwiliwili bapa kilichochanjwa pembetatu ndogondogo safu kwa safu na kutiwa rangi. Hufungwa vitambaa, na tembo la mnazi humiminwa chini.

Tazama mahali mti unapoingia ardhini. Hapo unyevu na hewa hukutana, kuvu hustawi, na ndipo kigango huanza kulegea. Mchwa hutangulia kula sehemu nyeupe ya nje. Kiini kigumu hubaki muda mrefu. Juu, jua hupasua mti kufuata nyuzi zake na mvua hupenya kwenye nyufa. Rangi hutoka mapema, michoro hufuata. Msikitie saruji shinani kwa nia njema: maji hunaswa kati ya zege na mti, nao huoza upesi zaidi. Wala msikipake vanishi.

Kuoza hakumwudhi marehemu. Kung'olewa ndiko kunakomwudhi, maana hata familia ikihama, kigango hubaki. Wezi wameving'oa vingi vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudi Kenya kutoka jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lakini kisichojulikana kilitoka boma gani hakina pa kurudishwa.

Kwa hiyo ukienda kutazama, omba ruhusa kwa wazee wa boma, usiguse vitambaa, na zima GPS ya simu kabla ya kupiga picha. Picha yenye mahali kamili ni ramani ya mwizi.