Kwa nini 12 gawanya kwa 100 ni sufuri katika lugha ya C?

Dada yangu huuza mitumba Gikomba. Mwezi uliopita alitaka kukopa shilingi 100,000 kwenye sacco yake, alipe kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kila mwezi ya salio linalopungua. Mwanawe, aliyeanza juzi kusomea kompyuta hapa mjini, akamwambia asubiri amfanyie hesabu kwa programu yake ya C. Jioni akanipigia: "Mjomba, imeandika nan. Nan ni nini?"

Nan ni jibu la kompyuta pale hesabu isipotoa namba yoyote, kama kugawanya sufuri kwa sufuri. Fomula yake ya malipo ya kila mwezi ilikuwa sawa kabisa: mkopo mara r (riba ya mwezi mmoja), gawanya kwa 1 toa (1 + r) kwa kipeo cha hasi 12. Shida ilianzia juu kidogo:

int riba = 12;
double r = riba / 100 / 12;

"Lakini r ni double!" akateta. Ni kweli, double hubeba desimali, ila C haitazami jibu litawekwa wapi. Hutazama namba zilizo pande mbili za mkwaju (/). Zote zikiwa int, yaani namba kamili, hugawanya kama mtu anayegawa maembe 12 kwa watoto 100 bila kisu: kila mtoto hapati kitu, na baki linatupwa. Sufuri hiyo ndiyo inayofika kwa r. Juu ya fomula panakuwa sufuri, chini 1 toa 1: sufuri kwa sufuri, ndiyo nan.

Si uzembe wa lugha. Prosesa ina amri tofauti za namba kamili na za desimali, na Dennis Ritchie aliiunda C katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi za mfumo wa kompyuta, ambako namba kamili ndizo zinazohitajika zaidi. Dakika 125 / 60 ni saa 2, na 125 % 60 inakupa zile 5 zilizobaki. Ni hesabu nzuri sana mahali pake.

Kijana akajaribu riba / 100 / 12.0, maana namba yenye nukta huwa double. Nan tena, kwa kuwa C huanzia kushoto na 12 / 100 ilikwisha kuwa sufuri. Nukta ilitakiwa mapema: riba / 100.0 / 12.

Mimi ningeifanya riba yenyewe iwe double, maana kesho sacco inaweza kutoza 13.5. Hapo scanf, amri inayosoma namba unayoingiza, itataka %lf, alama ya double. Ukiiachia %f, utasomewa namba za ajabu. Ukikompaili kwa gcc (programu inayotafsiri C kwa kompyuta) na kuweka -Wall, inayowasha maonyo, itakuonya kuhusu hilo la scanf. Kuhusu 12 / 100 itanyamaza, kwa sababu kisheria si kosa, na ndiyo maana huwatesa wanaoanza.

Mara hii ikatoka 8884.88 kwa mwezi. Riba yote haifiki 6,620, si 12,000 alizokuwa akihofia dada: mwezi wa kwanza anatozwa 1,000, wa mwisho haifiki 88. Dada akaiandika nyuma ya daftari lake la mauzo.