Wewe ni "mtu wa Marekani"? Inategemea fomu inafuata sheria ipi

Ukifungua akaunti ya benki Dar es Salaam au Nairobi, au ukijisajili kwa dalali wa hisa wa mtandaoni, utakuta kisanduku kinachouliza: Je, wewe ni mtu wa Marekani? Wengi hutia alama ya "hapana" bila kusoma mara mbili, kwa kuwa pasipoti iliyoko mfukoni ni ya Tanzania au Kenya. Ugumu wake ni kwamba maneno hayo yana maana moja katika sheria ya kodi ya Marekani na maana nyingine katika sheria yake ya dhamana, yaani hisa na hatifungani. Mtu mmoja anaweza kuwemo huku na asiwemo kule, siku hiyohiyo.

Tuanze na kodi, maana ndiko watu huumia zaidi. Kifungu cha 7701 cha sheria ya kodi kinamhesabu raia wa Marekani popote anapoishi. Chukua mtoto aliyezaliwa Houston wazazi wake wakiwa masomoni, akarudishwa Arusha akiwa na miaka 2, na hajakanyaga tena huko. Akiwa na umri wa miaka 30 bado ni mtu wa Marekani kwa kodi, na mapato yake ya Arusha yakivuka kiwango anatakiwa kupeleka ritani (tamko la mapato na kodi) kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini katazo hilo halifuti uraia wa Marekani. Huo unafutika kwa taratibu za Marekani yenyewe, kwa kawaida kwa kuukana mbele ya afisa wa ubalozi na kupewa cheti. Ndiyo maana benki ikiona "Houston" kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa, inaanza kudai karatasi za ziada. Anwani au namba ya simu ya Marekani huamsha maswali yaleyale, tangu sheria ya FATCA ya mwaka 2010, inayozitaka benki za nje kuwatambua wateja wa Kimarekani na kuwataarifu IRS.

Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu Marekani, naye yumo, na hapa kuna kosa tunalokutana nalo sana: kudhani kadi ikiisha muda na ukazi umekwisha. Sivyo. Aliyerudi Tanga akaiacha kadi iishe muda kabatini anaendelea kuwa mkazi kwa kodi mpaka airudishe rasmi kwa Fomu I-407, au mamlaka zimnyang'anye hadhi hiyo. Na aliyekuwa nayo katika miaka 8 kati ya 15 ya mwisho asikimbilie kuirudisha kabla ya kupata ushauri, maana kutoka kwake kunaweza kuibua kodi ya kuondoka, inayotozwa baadhi ya wanaoacha hadhi hiyo.

Asiye raia wala mwenye kadi huhesabiwa siku. Lazima awe amekaa angalau siku 31 mwaka huu, na jumla ya miaka mitatu ifike 183, ambapo siku za mwaka huu huhesabiwa zote, za mwaka jana theluthi moja, za mwaka juzi sehemu moja ya sita. Mfano ni bibi anayekwenda Minneapolis kila mwaka kulea wajukuu. Akikaa siku 120 kila mwaka, hesabu ni 120 + 40 + 20, yaani 180. Amepona. Akiongeza siku tatu tu kila mwaka, inakuwa 123 + 41 + 20.5, yaani 184.5, na tayari ni mkazi. Siku ya kutua saa tano usiku inahesabiwa nzima, na ya kuondoka vilevile. Maadamu mwaka huo hajafikisha siku 183, anaweza kujitetea kwa Fomu 8840 akionyesha kwamba makazi na shughuli zake ziko nyumbani, ila fomu hiyo ipelekwe kwa wakati.

Mwanafunzi mwenye viza ya F au J kwa kawaida hahesabiwi siku zake kwa miaka 5 ya kalenda. Aliyefika tarehe 28 Desemba ameshatumia mwaka mmoja kwa siku nne. Kila mwaka anajaza Fomu 8843, hata kama hakupata senti.

Sasa upande wa dhamana. Kanuni S ya mwaka 1990, iliyotungwa na SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya dhamana, inaruhusu hisa na hatifungani kuuzwa nje ya Marekani bila kusajiliwa huko. Eurobond (hatifungani za serikali zinazouzwa kwa wawekezaji wa nje) za Rwanda za 2013 na za Kenya za 2014 zilipitia mlango huo, sambamba na mlango mwingine wa taasisi kubwa za Marekani. Kanuni hii haijali uraia. Inauliza mtu anaishi wapi, na wala haimhesabii siku.

Hapo majibu yanageuka. Yule wa Arusha aliyezaliwa Houston si mtu wa Marekani kwa Kanuni S. Mwanafunzi wa Kitanzania anayeishi Columbus mwaka wa tatu sasa, ambaye IRS inamwona mgeni, kwa Kanuni S anahesabika mkazi. Mirathi ya marehemu wa Mombasa, ikiwa msimamizi wake anaishi Boston, inaweza kuhesabika ya Kimarekani kwa sababu ya msimamizi huyo, hata warithi wote wakiwa Mombasa.

LLC, yaani kampuni ya dhima yenye ukomo, iliyosajiliwa katika jimbo la Delaware na Mtanzania mmoja aliyeko Mwanza inachanganya zaidi. Kwa dhamana ni ya Marekani, kwa kuwa imeundwa kwa sheria za huko. Kwa kodi, kwa kawaida huonekana kama haipo na anayetazamwa ni mwenyewe, hivyo W-8BEN, fomu ya kuthibitisha kuwa mtu ni mgeni kwa kodi ya Marekani, anaijaza yeye kwa jina lake. Lakini kampuni hiyo "isiyokuwepo" bado inadaiwa Fomu 5472, ya kueleza miamala kati yake na mmiliki wake wa kigeni, na adhabu ya kutoipeleka inaanzia dola 25,000. Wanaouza vifurushi vya usajili mtandaoni hawalitaji hilo.

W-8BEN ni ya mgeni, W-9 ni ya mtu wa Marekani kwa kodi. Zote husainiwa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. W-8BEN iliyosainiwa siku yoyote ya 2024 kwa kawaida inaisha tarehe 31 Desemba 2027, na hali yako ikibadilika una siku 30 za kumjulisha aliyeipokea. Mkazi wa Tanzania au Kenya hukatwa asilimia 30 ya gawio la hisa za Marekani, kwani nchi hizi hazina mkataba wa kodi nayo. Aliye mtu wa Marekani kwa kodi na ana vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja huku nyumbani aulize kuhusu Fomu 8621, ya kutaja mifuko ya namna hiyo iliyo nje ya Marekani, kabla ya kununua vingine, na akaunti zake za nje zikivuka dola 10,000 kwa jumla, hata kwa siku moja, anadaiwa taarifa ya FBAR.

Kwa Kanuni S kuna mtego mmoja mdogo. Mkazi wa Dodoma asiye na uraia wala grini kadi ya Marekani, aliye likizo ya wiki mbili Atlanta, si mtu wa Marekani kwa sheria yoyote kati ya hizi. Hata hivyo, mnunuzi kwa kawaida anatakiwa awe nje ya Marekani wakati oda inapotoka. Akiituma kwa simu kutoka hotelini, dalali makini ataikataa. Asubiri arudi.