Arctic Monkeys hawakutengenezwa na MySpace

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba Arctic Monkeys, bendi ya roki kutoka Sheffield, Uingereza, walijitangaza kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace mpaka wakawa mastaa. Sivyo ilivyokuwa. Ukurasa wao wa mwanzo kwenye mtandao huo ulifunguliwa na mashabiki, na wanamuziki wenyewe walieleza kwamba hawakuwa na habari nao.

Mwaka 2003 vijana hawa walianza kupiga muziki kwenye baa za mji wao. Walirekodi nyimbo za majaribio, wakazichoma kwenye CD na kuzigawa bure kwa waliokuja kuwasikiliza. CD zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo waliobahatika kuzipata wakaziingiza kwenye kompyuta na kurushiana wao kwa wao. Haukupita muda mrefu, ukumbi mzima ukawa unaimba nao neno kwa neno, nyimbo ambazo zilikuwa bado hazijaingia dukani. Naona hawa ndio wanaostahili sifa inayopewa MySpace: watu waliotoka nyumbani usiku kwenda kusikiliza bendi isiyojulikana, kisha wakaamua wenzao nao waisikie.

Mwaka 2005 bendi ilisaini mkataba na Domino, kampuni ya muziki inayojitegemea. Oktoba mwaka huo wimbo wao ukashika namba moja Uingereza. Albamu ya kwanza ilitoka Januari 2006, na ndani ya wiki moja nakala zaidi ya 360,000 zilikuwa zimenunuliwa nchini humo.