Nasikia, Ila Sifahamu

Ami yangu hukaa barazani kwake Mkomani kila siku baada ya alasiri. Alianza unahodha zama za tanga, kisha zikaja mashine, naye akaziendesha zaidi ya miaka thelathini. Kila nirudipo Lamu humwamkia, humbusu mkono, halafu tukaanza kuzozana, maana kazi yangu mimi ni utafiti wa sikio na yeye hakubali kuwa yake yana ila. "Mimi nasikia," huniambia. "Watu wa sasa hawaneni, hunong'ona."

Safari hii dada yangu alimpigia ukelele kutoka jikoni: "Ami, kaa!" Alikuwa akitaka kaa wa baharini, waliokuwa kikapuni karibu na mlango. Ami akamtuma mjukuu wake, na mtoto akaja jikoni na chetezo chenye kaa la moto, tayari kwa udi.

Tulicheka sote, lakini mimi nilibaki nikilifikiria kosa lile. Kwetu hayo ni maneno mawili. Kaa wa kuliwa hutamkwa kwa pumzi kidogo baada ya K, kaa la moto halina pumzi. Ni kama paa wa mwituni na paa la nyumba. Herufi hazionyeshi tofauti hiyo, ila sikio la mtu wa Lamu huijua tangu utotoni. Pumzi ile ni sauti fupi na hafifu, inapita kabla hujakopesa jicho. Irabu ni nene na ina nguvu, hiyo Ami aliipata barabara. Kilichompita ni ule mpumuo. Kwa hiyo anaposema anasikia hasemi uongo. Anasikia kuwa mtu amenena, na anasikia karibu neno zima. Kinachokosekana ni ile punje inayolitenga neno moja na jingine: s, f, sh, t, na pumzi ya kaa.

Sasa tuingie ndani. Kwenye mfupa ulio nyuma ya tundu la sikio, mgumu kupita mifupa yote ya mwili, mna mfereji uliojizungusha kama kome, mizunguko miwili na nusu hivi. Ungeunyoosha usingefika sentimita nne. Huo ndio koklea. Sauti hugonga kiwambo, kiwambo hutikisa vijifupa vitatu (nyundo, fuawe na kikuku), na kikuku husukuma maji yaliyomo kwenye mfereji. Maji yakisukumwa, utando uliolala katikati yake hupigwa na wimbi. Georg von Békésy aliyatazama mawimbi hayo kwenye masikio ya maiti, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Sauti nyembamba hutikisa utando pale mlangoni, sauti nene husafiri mpaka kileleni.

Juu ya utando zimepangwa seli za nywele. Si nywele za kichwani. Ni vijiti vidogo mno vilivyosimama juu ya kila seli, vikilazwa na wimbi seli huamka. Zipo safu tatu za nje, kama seli 12,000, na safu moja ya ndani, kama 3,500. Za nje hurefuka na kufupika kwa kasi ya ajabu ili kuikuza sauti hafifu. Za ndani ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Hesabu hiyo hunitisha hadi leo. Jicho moja lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni mia, sikio moja halifiki hata seli elfu ishirini. Na ikifa moja, haioti nyingine. Kuku anayeparura uani kwa Ami anatushinda: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 inajulikana kuwa ndege huotesha seli hizo upya baada ya kuumia. Sisi na panya na ng'ombe hatuwezi.

Kwa watu wanaoishi na kelele, sehemu ya utando inayopokea sauti ya kama hezi 4,000, yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde, huumia kabla ya nyingine. Hapo ndipo Ami alipotoboka. Umri nao ukaja ukaanza kula kuanzia mlangoni, kwenye sauti nyembamba kabisa.

Hadi hapo ni habari ya zamani, utaikuta kwenye kitabu chochote cha tiba. Kilichonitia mimi kwenye kazi hii ni mtu kama binamu yangu. Ana miaka 31, huendesha boti ya faiba ya abiria kwenda Mokowe. Alipimwa masikio katika kliniki moja Mombasa, kwenye chumba kisichoingia hata mlio wa mbu. Karatasi ikatoka safi, kila alama mahali pake. Akaambiwa yu mzima, aende zake. Lakini mweke gatini asubuhi, mashine tatu zinanguruma, wapagazi wanaitana, abiria anauliza nauli, naye atamtazama mdomo tu. Wenziwe wamekwisha kumwita mwenye kiburi.

Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walitoa matokeo yaliyotupindua fikra. Waliwawekea panya kelele ya desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa mbili. Usikivu wa panya ulishuka, kisha baada ya wiki mbili hivi ukarudi kama kawaida. Seli za nywele zilikuwa hai zote. Zamani tungefunga daftari hapo. Wao wakahesabu sinapsi, yaani pale ambapo uzi wa neva hukutana na seli ya nywele ya ndani, wakakuta katika sehemu za sauti nyembamba karibu nusu zimekatika, na hazikurudi.

Kuhesabu huko ndiko kunakonilipa mshahara. Mfupa wa sikio la panya hulowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, mfereji hutolewa vipande vipande chini ya hadubini, kisha hutiwa rangi. Upande wa seli huwaka nukta nyekundu, upande wa neva nukta ya kijani. Zikigusana, hiyo ni sinapsi iliyo hai. Nyekundu iliyobaki peke yake ni gati lisilo na boti. Seli moja yaweza kuwa na kumi, kumi na tano, hata ishirini, na mimi huzihesabu mpaka nikifumba macho naziona.

Kwa nini kipimo cha chumbani hakigundui? Kwa sababu nyuzi za neva si sawa. Zipo zinazoamka kwa sauti ndogo kabisa, na hizo, hata zikibaki chache, zinatosha kumfanya mtu abonyeze kitufe akisikia "pii". Zipo nyingine zinazongoja sauti kubwa, na hizo ndizo zinazoendelea kufanya kazi wakati zile za kwanza zimezidiwa na kelele. Kwenye baadhi ya majaribio ya wanyama, hizi za pili ndizo zilizokatika kwa wingi. Kumpima binamu yangu kwenye kimya ni kama kukijaribu chombo kikiwa kimepwelewa mchangani.

Sitadai kuwa nimeziona sinapsi zake. Kwa binadamu aliye hai hazihesabiki, ziko ndani ya mfupa. Lakini masikio yaliyotolewa kwa ajili ya utafiti baada ya wenyewe kufariki yanaonyesha kuwa nyuzi za neva hupungua na umri, mara nyingi kupita seli za nywele zenyewe. Kwangu mimi hiyo inatosha kutomwita mtu mwenye kiburi.

Dawa? Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya watoto waliozaliwa viziwi kwa kasoro ya jeni la otoferlini (protini ya seli za nywele), walioanza kusikia baada ya kutiwa jeni zima sikioni. Ni jambo kubwa, lakini ni la kasoro hiyo moja. Kwa panya waliokatika sinapsi kwa kelele, protini iitwayo NT-3 imewahi kuzirudisha kiasi. Kutoka panya hadi nahodha bado ni safari ndefu, na anayekuuzia mafuta ya kurudisha usikivu anakuuzia mafuta tu.

Kilichopo leo ni hesabu ya muda. Desibeli 85 sikio huvumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda hukatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 100 ni robo saa. Niliweka simu kando ya mashine ya binamu yangu, kipimo kikapita 90 na hakikushuka mpaka tulipofika. Simu si chombo cha maabara, lakini hata ikikosea kidogo, yeye huenda na kurudi mara ngapi?

Nilimpa vizibo vya sponji. Akacheka, akasema nahodha huisikiliza mashine yake, ikibadilika sauti ndipo ajue propela imenasa wavu. Hoja hiyo sikuidharau. Nikamwambia mashine haitanyamaza, itasikika kwa mbali tu, na sponji aikunje vizuri kabla ya kuitia, ndipo izibe sawasawa. Nikamwonyesha. Pamba aliyokuwa akitia siku za nyuma huzuia kidogo mno.

Siku ya kuondoka alinivusha yeye hadi Manda, kwenye uwanja wa ndege. Njiani alikuwa na sponji zote mbili. Tulipokaribia gati akaitoa moja, ya kulia, akaiweka kwenye mfuko wa shati, maana pale walikuwa wageni wanaongoja boti na bei ingebidi kupatanwa. Nikamuuliza, na ya kushoto? Akanitazama mdomo.