Mgeni wa Nairobi, tembea njia ileile

Wageni wengi wanaonijia kwa ushauri nasaha hapa Nairobi hawana msiba. Kazi wanayo, kodi ya nyumba wanalipa, na kwao wanapiga simu kila Jumapili. Wanacholalamikia ni kwamba siku zimekosa ladha. Basi huwauliza: ukitoka mlangoni asubuhi, kuna yeyote barabarani atakayegundua kwamba jana hukupita?

Mimi pia ni mgeni, mzaliwa wa Tanga, nimepanga South B. Swali langu lina msingi wake. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, aliandika juu ya watu tunaojuana nao juujuu tu, akaonyesha kwamba habari za kazi hutufikia sana kupitia hao. Mwaka 2014 wanasaikolojia Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn wakachapisha utafiti uliokuta kwamba siku mtu anapozungumza na watu wa namna hiyo wengi kuliko kawaida yake, hujisikia vizuri zaidi na kujiona ana kwao. Sasa mfikirie aliyehama nchi. Ndugu zake amewabeba kwenye simu, marafiki atawapata taratibu. Waliokatika kabisa ni wale wa katikati: kinyozi, muuza magazeti, mzee wa barazani. Hao hakuna anayewapigia simu, na hakuna anayewalilia, ila pengo lao unalihisi kila asubuhi bila kujua ni la nani.

Ndiyo maana, nikiwashauri watu watembee asubuhi, siwatumi kwenye mandhari. Mwisho wa juma wengi hukimbilia Karura, na msitu ule ni raha kweli; mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea. Lakini Karura unalipa kiingilio, unazunguka, unarudi, na hakuna aliyekujua. Njia ya mtaani, ukiipita saa ileile, inakujua.

Kwetu, kukishapambazuka, barabara hujaa watu wanaokwenda kwa miguu kazini Eneo la Viwanda, wengi wakitokea Mukuru. Kwenye kona kuna mama anayeuza uji wa wimbi, ule wenye uchachu. Sukari huitia kikombeni kwanza, kisha humimina uji kutoka juu, mkono ukipanda na kushuka, ili upoe kidogo kabla haujafika. Viti hakuna, watu hunywa wamesimama, begi mgongoni, andazi mkono wa pili. Mwanzoni alinihudumia kimya kama anavyomhudumia mpita njia yeyote. Nikawa namwamkia, "Shikamoo mama," naye hucheka kabla ya kuitikia. Kisha asubuhi moja, nikiwa bado ng'ambo ya barabara, nikamsikia: "Mtanzania! Leo umechelewa. Sukari kidogo, si ndio?" Jina langu halijui mpaka leo. Halihitajiki.

Saa nayo ina kazi yake. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Anayeishi London hana bahati hiyo. Hapa unaweza kushika saa moja kasorobo Januari hadi Desemba na ukakuta mwanga na watu walewale. Mwanga huo ukiingia machoni huuambia ubongo upunguze homoni ya usingizi, melatonini, na usiku usingizi unakuja kwa wakati wake. Hata mawingu ya Julai, baridi ikikulazimisha kuvaa sweta, nje kuna mwanga kuliko sebule yenye taa zote.

Kwamba njia ileile itachosha? Inategemea macho yako yako wapi. Mwaka 2020 Virginia Sturm na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha utafiti kuhusu wazee waliotembea dakika 15 kila wiki kwa wiki 8. Walioelekezwa watafute la kustaajabisha njiani walipata furaha zaidi, na kwenye picha walizojipiga, nyuso zao zikazidi kuchukua nafasi ndogo. Mimi hutazama ndege. Kwarara hupiga kelele juu ya paa kama wanadai deni. Kunguru wa hapa ana kifua cheupe, si yule wa shingo ya kijivu aliyejaa Dar es Salaam. Karibu na Uwanja wa Nyayo kuna makorongo wakubwa wenye vipara, wamekaa juu ya migunga, na chini yake hakuna anayepita polepole.

Vya masikioni viacheni nyumbani. Anayesikiliza muziki hasalimiwi. Na hesabu ya hatua 10,000 isiwanyime usingizi: ilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si kwa amri ya daktari. Ila msitoke kungali giza. Subirini barabara iwe na watu, simu ikae mfukoni.

Huwa naulizwa kama jioni inafaa. Kwa miguu, inafaa. Kwa salamu, saa kumi na mbili jioni kila mtu Nairobi anawahi matatu, na ukimsimamisha kumjulia hali atadhani unamuuzia kitu.